Kigoda Mbele ya Televisheni

Walimwita Fundi Chogo, kwa sababu hakugusa televisheni nyingine ila zile nene za zamani, zenye chogo kubwa. Hizi bapa za siku hizi alisema si televisheni, ni mapambo ya ukutani.

Televisheni ya chogo hurekebishwa kutoka nyuma. Bisibisi iko nyuma, picha iko mbele, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukutazamia. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyo alikuwa mkewe. Alikaa kwenye kigoda, uso kwa uso na kioo, akichambua mboga huku akitoa amri: "Imelalia kushoto. Rudisha. Umezidisha, mume wangu, mbona mkono mzito hivyo!"

Kisha mke akaugua ugonjwa wa damu, akafa. Siku ya mazishi shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, alimwambia mbele za watu: "Vioo vyako vina mionzi. Umemkalisha dada yangu hapo mpaka vikammaliza."

Tangu siku hiyo Fundi aliegemeza kwenye kigoda kioo cha kujitazamia, akawa anaitazama picha humo, na mtu yeyote asithubutu kukaa pale. Wateja walidhani kachanganyikiwa kidogo. Wapi! Alijiona muuaji, na jambo hilo lilimtafuna miaka kumi na moja.

Jumamosi moja akaja binti wa shemeji, mpimaji wa mionzi hospitalini, na kipimo chake mkobani. Alikuwa amechoshwa na ndugu wasiosalimiana.

Alianza na televisheni iliyozimwa. Kipimo kikalia: ti... ti, ti. Fundi akamaka.

"Imezimwa na bado inalia!"

"Subiri basi, baba mkubwa. Kioo kinatokana na mchanga na madini. Humo mna mionzi kidogo ya asili, na hiyo haina swichi."

Akahesabu milio kwa dakika kumi. Akahamia kwenye ukuta wa matofali, dakika kumi tena. Ukuta ukazidi. Wakaiwasha televisheni, kipimo hakikuongeza kitu.

"Hata ukuta wangu?"

"Ukuta umeishinda. Mama mkubwa angekaa chumba chochote, angeipata hii hii."

"Sasa nini kilimuua?"

"Sijui, baba mkubwa. Najua tu si hiki."

Ungetegemea afurahi. Alikasirika, tena sana, kwa ile miaka yote. Akachukua bisibisi, akaenda nyuma ya televisheni.

Binti akakiondoa kile kioo cha kujitazamia taratibu, akakaa kwenye kigoda.

"Imelalia kushoto," akasema. "Rudisha kidogo."

Fundi akarudisha. Picha ilinyooka mara moja, ila kule nyuma alikuwa analia, na binti alimsikia.

"Bado," akamwambia. "Bado kidogo, baba mkubwa."