Wiketi Ambazo Hakuna Aliyezidai

Siku yangu ya kwanza ya kuamua mechi ya kriketi niligombezwa mbele za watu. Nilikuwa mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya msingi hapa Kasulu, na Afisa Michezo wa Wilaya alikuwa amerudi kutoka semina na mabegi ya vifaa: magongo bapa, pedi za kukinga miguu na mipira myekundu migumu kama jiwe. Akanivalisha koti jeupe la maabara lililoazimwa sekondari, akanisimamisha nyuma ya stampu, vile vijiti vitatu ambavyo vikiwa pamoja huitwa wiketi. Mrushaji akarusha. Mpira ukampiga mpigaji mguuni, na mguu wenyewe ulikuwa umeziba vijiti kabisa. Nikainua kidole juu, kwamba huyu ametoka; kumtoa mpigaji nako huitwa kupata wiketi.

"Mwalimu, shusha kidole," Afisa Michezo akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Nani amekuuliza?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza, na sheria ndivyo ilivyo. Mwamuzi wa kriketi hamtoi mpigaji kwa kosa kama lile mpaka upande unaorusha umwulize, na swali lenyewe huulizwa kwa kelele moja: "Hauzaat!", yaani, hiyo imekaaje? Wasipouliza, hata kama umeona kwa macho yako mawili, unafunga mdomo. Niliona ni upuuzi. Darasani kwangu mtoto akikosea kujumlisha sikusubiri mwenzake aniulize kwanza. Lakini kazi ni kazi, nikajifunza kufunga mdomo, na wanaonijua watakwambia halikuwa somo jepesi.

Vijana wa leo mna simu za kuhesabia kila kitu. Sisi tulihesabu kwa maharage. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo nilianza na punje sita mfuko wa kulia, kila mpira ukirushwa nahamishia punje moja mfuko wa kushoto. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu uliogongwagongwa, na juu yake tulitandika mkeka mnene ili mpira udunde sawasawa. Mvua ikinyesha tunakunja mkeka, tunakimbilia darasani. Nilihamishiwa Kibondo, nikahamia na mchezo wangu. Mwalimu Mkuu wa kule aliwatazama wasichana niliokuwa nawafundisha wamejipanga uwanjani, kila mmoja mahali pake, akauliza, "Mchezo gani huu, watu wamesimama tu kama wanangoja mgawo?" Baada ya Kibondo nikapelekwa Kakonko, kisha nikarudishwa Kasulu, na kote huko nilikuta shida moja, wala si ya mkeka wala ya vifaa.

Shida ilikuwa ile kelele. Huku Buha, kwetu sisi Waha, mtu hajisemei mwenyewe. Kijana akitaka kuoa, si yeye anayesema, anatumwa mtu. Ukiwa na haja kwa mkubwa, unatafuta wa kukusemea. Msichana amelelewa kupiga magoti na kupigapiga viganja taratibu akimsalimu mtu mzima, halafu mimi, mwalimu wake, nimwambie anikodolee macho anipigie ukelele eti mwenzake ametoka? Hawakuweza. Basi wakajitengenezea utaratibu wao: mrushaji akishapata wiketi anainamisha macho, na mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti kudaka mipira, ndiye anamwulizia. Sheria inaruhusu mchezaji yeyote wa upande ule aulize. Na mlinda wiketi ndiye anayeona vizuri kuliko wote.

Mkufunzi wa Waamuzi alipokuja kutupa mtihani alicheka sana. "Kwa hiyo huku mnauliza kwa mshenga?"

"Sheria inakataa?" nikamwuliza.

"Haikatai, Mwalimu."

"Basi tuendelee."

Katika wote niliowaamulia, sijaona mkono kama wa Spesioza. Alitoka Makere, kwenye familia ya wakulima wa mihogo na maharage. Babu na bibi yake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, na sasa nyumba nzima ni raia. Mpira wake haukuwa wa kasi. Aliuzungusha kwa vidole, ukatua taratibu, halafu ukakata kona ghafla kuelekea kwenye vijiti. Adelina, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, ndiye alikuwa mlinda wiketi wake na msemaji wake. Mmoja anarusha, mwingine anauliza, nami nainua kidole.

Ndipo tukasikia habari za mashindano ya kufuzu. Ni mashindano ya kimataifa ya timu za taifa zinazochipukia, zile ambazo bado hazikai meza moja na wakubwa, na atakayeshinda anapanda ngazi. Kamati ya Uteuzi ilitangaza itafika Kasulu kuwaangalia wasichana wa magharibi, na ingekuja na baadhi ya wachezaji wa mjini ili wachanganywe na wetu. Spesioza alikuwa anaitaka jezi ya taifa kuliko kitu chochote. Alinieleza sababu bila kupindisha: bibi yake ameulizwa maisha yake yote yeye ni wa wapi, na amechoka kujibu.

Siku ya majaribio wakagawa timu. Adelina akapangwa upande wa pili. Nyuma ya vijiti, Spesioza akawekewa mlinda wiketi wa mjini, binti hodari, mikono myepesi kweli, sitamnyima sifa yake. Katika ova za Spesioza, mwamuzi mgeni ndiye aliyesimama upande wa mrushaji. Mimi nikapangwa pembeni, na mwamuzi wa pembeni hana neno juu ya mguu ulioziba wiketi. Hilo ni la mwenzake peke yake.

Spesioza akarusha. Mpira ukatua, ukakata kona, ukampiga mpigaji mguuni, chini, katikati. Alikuwa ametoka, hilo halina mjadala. Spesioza akainamisha macho, akangoja. Mlinda wiketi akauokota mpira, akautazama, akaurudisha. Mwamuzi mgeni hakuulizwa, hakujibu. Ova yake iliyofuata ikawa vilevile. Na nyingine tena.

Mtu atasema labda yule binti hakuona. Aliona. Mrushaji mwingine, rafiki yake waliyekuja naye gari moja, aliporusha mpira ambao hata mbuzi angeona unakwenda pembeni, yuleyule mlinda wiketi aliruka juu, akapiga kelele hadi wauza ndizi nje ya ukuta wakageuka. Sauti alikuwa nayo. Nafasi ya warushaji wa kuzungusha ilikuwa moja, na rafiki yake aliitaka.

Nami nimesimama pale na maharage yangu mfukoni. Mwamuzi haruhusiwi kumfundisha mchezaji katikati ya mechi, wala kumwulizia. Nilitafuna midomo yangu mpaka ikauma.

Mechi ilipokwisha nilimkuta Spesioza anavua viatu. "Mwanangu, mbona hukuuliza mwenyewe?"

"Nilikuwa namngoja dada, Mwalimu."

"Na alipokaa kimya?"

"Nikafikiri ataniulizia ule unaofuata. Alikuwa ameona."

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi. Alikuwa mlangoni mwa gari, anakung'uta vumbi jekundu kwenye viatu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Yule binti yenu ana mkono mzuri. Lakini ni mpole mno. Asiyejua kudai haki yake nitampelekaje kwenye mashindano ya kimataifa?"

"Marahaba. Na aliyeiona haki ya mwenzake akainyamazia, huyo unampeleka?"

"Huyo hakuvunja sheria yoyote."

"Wala Spesioza hakuvunja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Mama, mchezo ni mchezo. Tutamwangalia mwaka mwingine." Akapanda gari, akafunga mlango.

Mlinda wiketi akachaguliwa. Rafiki yake akachaguliwa. Nikaambiwa na watu wazima, wenye heshima zao, kwamba niwafundishe watoto wa huku kupiga kelele, waache ushamba. Nauliza: ushamba ni wa nani? Wa aliyemwamini mwenzake, au wa aliyeaminiwa akakaa kimya? Wanaoupenda mchezo huu wanajisifu kuwa ni mchezo wa waungwana. Mimi uungwana niliuona upande mmoja tu siku ile.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Wakaniagizia keki, wakasoma hotuba, Afisa Michezo mpya akasema nimeitumikia wilaya kwa utulivu. Utulivu. Sikumjibu, maana keki ilikuwa bado haijakatwa na watoto walikuwa wanaingoja.

Mashindano ya kufuzu tuliyaangalia dukani kwa Bwana Salumu, muuza vitenge wa sokoni Kasulu, ambaye alisimamisha simu yake kubwa juu ya jora la kitambaa. Sikutegemea Spesioza angekuja, lakini alikuja, akakaa kwenye kigoda. Mechi ya mwisho ya timu yetu ilifika ova ya mwisho, na wapinzani walibakiza mbio chache, ndizo pointi za kriketi, washinde. Aliyerusha ni yule rafiki. Mpira ukampiga mpigaji mguuni, katikati kabisa, ukachepuka kwenda mbali. Mrushaji alikuwa ameteleza, amelala kifudifudi. Mlinda wiketi alishatimka kuufuata mpira, na wengine wote wakaufuata. Uwanja mzima hakuna aliyeuliza, na bila swali mpigaji hatoki, mbio zake zinahesabiwa.

"Hauzaat!"

Spesioza alikuwa amesimama, mikono juu, mbele ya ile simu. Bwana Salumu akaangusha futi yake ya kupimia. Tangu nimjue yule mtoto sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Kwenye simu wapigaji wakamaliza mbio zao, wakakumbatiana. Timu yetu ilikuwa imeshindwa.

"We binti," Bwana Salumu akasema, "si ndio haohao waliokunyima nafasi?"

"Ndio hao."

"Sasa unawapigia kelele za nini?"

Spesioza alikuwa bado anaitazama simu. "Mwenzangu alikuwa ameanguka," akasema. "Nani angemwulizia?"