Mama Aliyesikika Nyuma ya Kaseti

(Msomaji huyu ameomba tumfiche. Tumeondoa jina lake na la tajiri wake.)

Leo ni Ijumaa, mwezi wa tatu, mvua haijakatika hapa Songea. Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani, kijiji kimoja cha Tunduru, nikawaacha mke, watoto na mama yangu mzazi. Umri wangu ni miaka thelathini na minne. Shule niliishia darasa la tano. Nimepanga chumba Msamala na mwenzangu mmoja, kazi yetu ni kibarua cha ujenzi. Naandika kwenu kwa sababu gazeti hili kijijini kwetu halifiki.

Mke wangu hajui kuandika, kwa hiyo tunatumiana kaseti. Anaazima redio ya jirani, anarekodi, anampa dereva wa lori. Akirekodi huongea Kiswahili cha taratibu kama mtu anayesoma barua, kisha anampa mama naye anisalimie. Kaseti ya mwisho mama alisema, "Mwanangu, picha yako nimeiona. Umenenepa, nimefurahi." Nilicheka peke yangu. Picha ile nilipiga mtaa wa Majengo, nimetoka kuumwa malaria, mashavu yameingia ndani. Nikasema mama ni mama, mtoto wake hamwoni mbaya.

Sasa tajiri wangu, mfanyabiashara, amemaliza nyumba yake na anataka sebule iwe sinema. Alinunua Dar spika za studio, zile ambazo watu wa kurekodi muziki hukaa nazo karibu wakisikiliza. Mimi nilitoboa kuta za kupitisha nyaya na kumsaidia fundi kuzibeba. Walipoweka mkanda wa vita, mama mwenye nyumba akashika kiuno.

"Baba watoto, hilo ndilo bomu? Mbona kama mtu kaangusha sufuria?"

Tajiri akamgeukia fundi. "Nimezitoa Dar mpaka hapa zishindwe na redio ya kinyozi?"

"Bosi, hizi si za kutikisa mabati," fundi akasema. "Spika za dukani zinapamba sauti. Hizi zinakupa kilichomo tu, hata mtu akimeza mate utamsikia. Ila sogea, ukae hapa katikati, masikio yalingane nazo."

"Yaani nimejenga sebule yote hii nikakae puani mwa televisheni?"

Tulicheka wote. Fundi akataka kumwonyesha, akauliza nani ana kaseti ya mtu anaongea, si muziki. Nikasema ninayo. Kusema kweli nilitaka sauti za watu wangu zisikike kwenye nyumba ile. Nikakimbia na mvua kuifuata.

Tajiri akanionea huruma. "Kaa wewe kwenye kiti, ni watu wako." Nikakaa na matope yangu.

Mke wangu akaanza kusema kana kwamba yuko mbele yangu. Nikasikia kuku, nikasikia mchi unatwanga kwa jirani. Kwenye kiredio changu hayo yote ni mvumo tu. Halafu, mke wangu akiwa anaeleza habari za mihogo, nikamsikia mwanangu nyuma yake, kwa Kiyao chetu: "Bibi, picha umeigeuza, kichwa kiko chini."

Na mama akamjibu polepole: "Basi igeuze wewe, unieleze alivyo. Na usipige kelele, baba yako asijue kama sioni."

"Utamwambia amenenepa?" mtoto akauliza.

"Eeh. Nitamwambia amenenepa."

Kisha mama akasogea kwenye redio, akasema yale niliyoyazoea.

Mle ndani wote ni Wangoni, hakuna aliyeelewa. Tajiri akapiga makofi. "Mmesikia? Hata bibi wa kule nyuma anasikika! Rudisha, fundi, rudisha!" Akarudisha. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Anasemaje bibi?"

Nikasema, "Ananisalimia, mama."

"Mpe shikamoo yake," akasema. Nikaitikia, nikatoka nje kama ninayefuata koleo.

Tangu siku hiyo namuwaza mama tu. Sijui mama amekuwa hivyo tangu lini, wala kama macho yake yanatibika. Hapa kuna daktari wa macho kwenye hospitali ya misheni, lakini nitamletaje? Barabara ya kwetu mvua hii imekatika, malori yamenasa. Nikimleta atalala wapi, kwenye chumba cha vibarua wawili? Mke wangu namkasirikia, kisha nakosa cha kumkasirikia, maana aliyeamua ni mama. Najua anachoogopa. Anaogopa nikisikia nitaacha kazi, na wajukuu wake wale wanakula kwa mikono hii.

Nimejaribu kurekodi majibu. Nikisema nimejua, namvua mama nguo mbele ya mjukuu wake aliyemfunza kunyamaza. Nikinyamaza, ataendelea kujikokota kwenye moto na kisima ili mimi nisiwe na wasiwasi. Kila nikibonyeza kurekodi nasema "Mama, shikamoo," halafu nazima.

Ndugu zangu, wake kwa waume, mliowahi kufichwa jambo na mzazi anayewapenda, niambieni mlifanyaje. Nikifika mlangoni nimwambie mama najua, au nikae nimwache anitazame usoni na kusema nimenenepa?

Nategemea kwenda nyumbani mwezi wa sita, barabara ikikauka. Nijibuni kabla sijapanda lori.