Birika Lililotii Sheria

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi wateja wananiuliza kama niko salama. Sikukusudia kukusimulia. Lakini jana ulipokuja na habari kwamba umeingizwa kwenye kamati ya kuandika upya kanuni za mabango ya mji wetu, na kwamba mnataka yote yawe ya rangi moja ili mji upendeze kwenye picha, nikasema moyoni, huyu nisipomwambia mimi ataambiwa na kinyozi. Kaa basi. Chai hiyo hapo, sukari jipimie.

Nilikuwa binti niliyetoka kumaliza shule, naishi kwa shangazi yangu, Bi Salma, hapa hapa kwenye mgahawa huu karibu na stesheni. Shangazi alikuwa na birika kubwa alilolitundika nje ya mlango. Likiwa wima, chakula kipo. Likiwa kichwa chini, chakula kimekwisha, usijisumbue. Wafugaji wa mnadani walilijua, abiria walilijua, hata wageni walioteremka kutoka Kilimatinde walilijua bila kuambiwa. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Fundi baiskeli alitundika ringi, mwenye bucha pembe za ng'ombe, fundi viatu kiatu kimoja ambacho mwenzake hatukuwahi kumwona.

Ikaja kanuni mpya. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye suti na nywele nyingi alizozitunza kuliko bustani yake. Akaagiza kila kinachoning'inia kiondolewe. Kila duka libandike bango la bluu, la ukubwa mmoja, lenye jina lililo kwenye leseni, na lisiongezwe neno.

Sasa unawajua watu wetu na majina ya leseni. Nani anaandika "Kinyozi"? Mtu anaandika neno la kujiombea heri. Baada ya muda mfupi mtaa ukawa Neema, Baraka, Tumaini, Upendo, na sisi tukiwa Amani. Ukipita ukisoma ungedhani unaita majina ya wanakwaya.

Wateja wakapotea. Mfugaji alisimama katikati ya barabara, akatusalimu "Mbukwa" kwa heshima zote, akageuka kwenda kula biskuti stesheni. Shangazi alipika, jioni tukala wenyewe kilichobaki. Mimi nilinenepa kwa huzuni. Shangazi akaanza kusema atafunga mgahawa, arudi kwa kaka yake Kinyangiri akalime alizeti. Nililia, sikufichi. Mgahawa huu ndio ulionilea, na mimi kulima sikujua.

Tukaenda mkutanoni kulalamika. Mwenyekiti akatusikiliza, akatabasamu, akasema, "Mama zangu, chema chajiuza. Na mtu anayejua kusoma hapotei." Watu wakapiga makofi, na nadhani hata sisi tulipiga.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia shangazi nitawakusanya wanawake wote wa mtaa, twende na sufuria tukazipige mbele ya ofisi mpaka wakome. Akaendelea kuchambua majani ya mlenda, wala hakuinua kichwa.

"Kelele unazo, nimezisikia," akasema. "Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata umpigie sufuria sikioni. Nenda kamwamkie mwenyekiti vizuri, mwambie shangazi anamkaribisha kuku na mlenda Jumamosi mchana. Halafu usimwelekeze njia."

"Akiniuliza je, shangazi?"

"Hatauliza. Si anajua kusoma?"

Yaliyofuata nilisimuliwa na wenyewe waliomhudumia. Jumamosi ile mwenyekiti hakunywa hata chai asubuhi, akiwatunzia nafasi kuku wa Bi Salma. Akaingia mtaani, akakuta mabango yake yamejipanga kwa utii, kila mlango bluu. Jina la mgahawa lilikuwa limemtoka, na kuuliza akaona haya. Akaona mlango wenye viti na watu wanasubiri, akaingia, akakaa. Palikuwa Baraka. Kijana akamfunga kitambaa shingoni, mwenyekiti akafurahi, akajua leo anahudumiwa kama waziri.

"Ya kawaida, mzee?" kijana akauliza.

"Ya kawaida, ila usinibanie."

Mashine ilipopita katikati ya kichwa ndipo alipoelewa. Mtu mwingine angeruka. Yeye alikuwa amesema anayejua kusoma hapotei, kwa hiyo akatulia kama aliyekuja kwa jambo hilo hilo, akanyolewa mpaka upara ukang'aa. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zake zilibaki sakafuni kwa Baraka.

Akatoka na jua la mchana utosini, akaingia Tumaini. Tumaini alikuwa fundi wa majeneza. Na wewe unajua kwetu mtu mzima akionekana ghafla na kichwa kipya, macho yamemlegea, hujiulizi mara mbili, amefiwa. Fundi akaweka randa chini, akampa mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mzee. Marehemu ana urefu gani?"

"Mimi nimekuja kula," mwenyekiti akajibu.

Fundi alishaona majonzi ya kila namna. Akajua huyu yamemzidi. Akafunga duka, akamshika mkono taratibu, akamleta kwetu apate uji. Njiani majirani walipoona, wakaungana nao nyuma, kimya kimya, kofia mikononi. Wanawake waliokuwa mlangoni kwetu wakajitanda kanga. Mmoja alishaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani.

"Hakuna aliyekufa," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo. "Nina njaa."

Shangazi hakucheka. Mimi nilikimbilia jikoni nikang'ata kitenge. Yeye alimnawisha mikono, akamwekea kuku, ugali wa mtama na mlenda, akamwacha ale bila kumuuliza neno. Alipomaliza, akageuka kutazama mlango.

"Bi Salma, hapa palikuwa na birika. Liko wapi?"

"Liko chini ya meza, mwanangu. Linatii sheria."

Akainama, akalitoa, akalitundika mwenyewe. Alipokuwa akitoka akaligonga kwa upara wake mpya, likalia kama kengele ya shule. Ndiyo maana kanuni iliyorekebishwa iliruhusu kila mtu atundike kitu cha kazi yake, mradi kiwe juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kanuni nzuri sana ile. Nimeitii mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi kuandika sheria, mji bila sheria ni zizi bila mlango. Lakini kabla hujaiandika, ipite mtaani kwa miguu yako, na njaa yako, bila kumuuliza mtu. Usiulize bango linapendezaje kwenye picha, uliza mgeni atakula wapi. Na wale watakaokupigia kelele, wakaribishe chakula, kwa maana shangazi asingemkaribisha mwenyekiti siku ile, mimi ningekuwa Kinyangiri napalilia alizeti.

Mungu akuongoze wewe na kamati yako, akupe umri na subira, akutunzie nywele zako. Na kila mlango utakaoufikia na njaa, ukute birika liko wima.