Hati Niliyoisoma Nikiwa Nimegeuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, nikaambiwa nisifungue kinywa mpaka adhuhuri. Ofisi ilikuwa Migori, vyumba viwili juu ya duka la mbegu na mbolea. Watu walipanda ngazi, wakaeleza shida zao, wakashuka, nami nikakaa kama gunia lililosahauliwa. Saa sita wakili mwenye ofisi akatoka chumbani kwake akaniuliza nimesikia nini. Nilimtajia visa vitatu.

"Walikuja watu watano," akasema. "Kazi hii ni masikio kwanza. Mdomo tutaushughulikia mwaka wa tatu."

Ninyi mnaosomea sheria siku hizi huanzia chuo kikuu, kisha mnapitia ofisi ya wakili kwa miezi michache. Enzi zetu kulikuwa na njia nyingine. Kijana alimaliza shule, akatia saini mkataba wa uanagenzi na wakili mmoja, akafanya kazi chini yake miaka mitano kwa mshahara mdogo, huku akitumwa Nairobi kila mara kwa masomo na mitihani. Wakili huyo tulimwita wakili mlezi. Mwishoni yeye ndiye aliyekuandikia cheti kwamba umeiva na kwamba unaaminika. Ukikosa saini yake, huapishwi, hata kama mitihani yote umefaulu.

Karani mkuu wa ofisi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyenipeleka masjala, yaani chumba cha mahakama kinachotunza majalada. Alinifundisha nisiondoke dirishani kabla ya kukagua muhuri, nambari na tarehe. Usione aibu ukitumwa masjala mwaka mzima. Mawakili wengi hodari wamepoteza kesi kwa sababu ya karatasi iliyolala jalada la jirani.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa tawi letu la Homa Bay. Neno tawi lisikudanganye: kilikuwa chumba kimoja, meza, mashine ya chapa na mimi. Wakili mlezi alikuja siku za kesi tu. Mji ulikuwa mdogo, na kila mtu alikuwa na ndugu aliyeshtaki au aliyeshtakiwa. Nikiingia hotelini kula kuon, yaani ugali, na omena, dagaa wa ziwani, mazungumzo yalipungua. Anayecheka nawe leo huenda kesho ni shahidi wa upande wa pili, kwa hiyo hata mimi nilijifunza kula haraka nikaondoka. Mama mwenye nyumba alikuwa Msabato. Jumamosi ua mzima ulikwenda kanisani, nami Mkatoliki nikabaki na kuku. Nilizoea kusoma vitabu vya sheria kwa sauti, ili nyumba iwe na sauti.

Nilioa mwishoni mwa mwaka wa nne, lakini mke wangu alikuwa mwalimu Kendu Bay, tukionana mwisho wa mwezi.

Ilikuwa imebaki miezi miwili nimalize mkataba alipokuja ofisini mjane wa karibu na Rodi Kopany, dada mkubwa wa mama ya mke wangu. Shemeji yake alikuwa akisogeza plau kuvuka mpaka kila msimu na kulila shamba lake. Karani mkuu, aliyekuwa amekuja kwa kesi, alimsikiliza akaandika maelezo. Mimi nilitoka nje. Kwetu dada ya mama mkwe ni mama mkwe vilevile, na mkwe haketi akitazamana na mama mkwe, hamshiki mkono, wala hali mbele yake.

Tulihitaji zuio, amri ya mahakama ya kumsimamisha shemeji kabla ya mvua. Ombi la zuio husimama juu ya hati ya kiapo, ambayo ni ushahidi ulioandikwa na kuapiwa mbele ya kamishna wa viapo. Kama mwenye kuapa hajui kusoma, lazima asomewe hati kwa lugha anayoielewa, kisha atie dole gumba. Niliandika hati hiyo kwa Kiingereza nikifuata maelezo ya karani. Miguu ilimsumbua mama huyo, kwa hiyo nilikwenda kwake na kamishna, wakili mzee kutoka pwani asiyejua neno la Dholuo, lugha yetu.

Kamishna aliketi ndani akapewa chai. Mimi nilisimama uani, nikampa mjukuu wa mama ile hati na kidau cha wino. Msichana akamshika bibi yake dole, akalikandamiza.

"Umemsomea?" kamishna akauliza.

Nilisema nimemsomea. Nilijiambia kwamba maneno ni yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna jipya. Muhuri ukapigwa.

Mahakamani, wakili wa shemeji aliomba ruhusa ya kumhoji mama. Akamuuliza mpaka ni upi. Mama akajibu kupitia mkalimani kwamba ni mstari wa mkonge. Wakili akainua hati: mbona hapa pameandikwa kijito, ambacho kiko ndani ya shamba la mtu mwingine kabisa? Katika maelezo ya karani vyote viwili vilitajwa, na mimi nikachagua vibaya.

"Mama, nani alikusomea hati hii?"

"Hakuna," akasema, akanionyesha kwa kidevu bila kunitazama. "Yule ni mkwe wetu. Alisimama nje, kama mtu aliyelelewa vizuri."

Watu walicheka. Yeye alikuwa ananisifu. Hakimu hakucheka. Aliitupa hati, akatupatia siku kumi na nne tulete nyingine, la sivyo ombi limekufa.

Tulipofika ofisini, wakili mlezi alifunga mlango.

"Ulimwambia kamishna umesoma?"

"Ndiyo, Bwana Wakili."

"Ulikuwa umesoma?"

"Hapana."

"Hati mbovu naweza kuirekebisha. Mtu anayesema amesoma kumbe hajasoma, sijui naanzia wapi." Alifunga jalada. "Cheti chako sitakitia saini. Na utarudi Rodi Kopany umsomee wewe mwenyewe."

"Ni mama mkwe wangu."

"Najua. Hata mimi ni Mjaluo."

Nilirudi na kamishna yuleyule. Mama alitusikia akiwa ndani.

"Gari la pili mwezi huu. Majirani watadhani kuna matanga."

Nilimweleza nikiwa uani kwamba sheria inataka nimsomee.

"Sheria yenu inataka nikusikie au nikuone?"

"Unisikie, mama."

"Basi weka kiti mlangoni, uangalie ng'ombe."

Nikaketi mlangoni nimempa mgongo, kamishna akiwa kando yake ndani, nikaanza kusoma kwa Dholuo aya baada ya aya, nikiwaangalia ng'ombe wake watatu. Nilikuwa nimeshaweka mkonge mahali pa kijito. Nikasoma kwamba mkonge ulipandwa na marehemu mume wake.

"Simama hapo. Nani aliupanda?"

"Mumeo, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mume wangu alikuwa kiwandani Awendo. Niliupanda mimi, nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu. Na huyo shemeji ndiye aliyenichimbia mashimo."

Karani hakuwa amemuuliza, nami sikuwa nimemsomea. Niliandika upya palepale, nikasoma tena tangu mwanzo. Shemeji alipoulizwa mahakamani kama alichimba mashimo, alitazama chini akakubali. Zuio likatolewa, na mkonge ule bado upo.

Cheti changu kilitiwa saini baada ya mwaka mzima zaidi. Wenzangu wa mitihani waliapishwa Nairobi, mimi nikiwa Homa Bay napanga majalada. Wakili mlezi aliposaini, hakuhutubia. Aliniuliza tu, "Umekisoma?" Nikakisoma chote mbele yake.

Nilifanya uwakili Migori, kisha Homa Bay, mpaka macho yakaingia ukungu. Mke wangu ametangulia. Watoto hupiga simu Jumapili.

Mwezi uliopita wakili mmoja kijana wa kike aliniletea wosia wangu niutie saini. Alikuwa na haraka, amefungua kalamu tayari.

"Mzee, haya unayajua kuliko mimi."

"Nisomee, binti yangu."

Akasoma. Ana sauti nzuri, na ilijaza sebule mpaka jikoni. Katika aya ya pili alikuwa amekosea nambari ya shamba. Nililisikia kosa hilo mara moja, lakini nilimwacha aendelee mpaka mwisho, ndipo nikamwambia. Ikambidi asome tena tangu mwanzo.