Siku Nilipolifuata Neno Sukari Hadi Ukweni

Jamani, aibu hii mke wangu huisimulia kila tukipata wageni, kwa hiyo leo naisema mwenyewe kabla hajaniongezea chumvi.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu kwenye shamba la mkonge huku Korogwe, na meneja mmoja alipohama akaniachia kamusi nene inayoeleza kila neno la Kiingereza limetoka lugha gani. Nikaisoma mpaka nikawa kero (kwenye foleni ya posho watu walikuwa wananikwepa). Basi ikafika siku ya kumposa Mwanahamisi, kule Kwaluguru. Kwetu anayeposa haendi, huenda mshenga, lakini kiherehere kikanishika, nikamng'ang'ania mshenga wangu, Mzee Semboja, anichukue kama mbeba mizigo, nijikalie mlangoni nisikie kama nimekubaliwa.

Mzee Semboja akanisifia vizuri: "Kijana wetu mpole, hana maneno mengi." Chai ikaja, na baba wa binti, huku anakoroga, akasema, "Hii sukari tuna shukrani kwa Waingereza, wao wanaita shuga, na sisi tukaiga."

Si ningenyamaza tu! Nikasema, "Samahani mzee, hiyo shuga Waingereza wameitoa kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Wataliano, hao kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi wa kale, ambao kwao neno hilo lilikuwa changarawe!" Na ili waone punje zilivyofanana na changarawe nikasogea, nikalinyanyua bakuli la sukari, likaniponyoka, sukari yote (ya wakati wa vita, jamani, ya kutafuta kwa tochi!) ikamwagika sakafuni.

Mzee Semboja akajifunika uso kwa kofia.

"Mbeba mizigo gani anawajua Waajemi?" baba akauliza. "Au ndiye huyo asiye na maneno mengi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua Mwanahamisi nimeshamkosa, na Mzee Semboja alikuwa anainuka kuaga, mara sauti ikatoka nyuma ya pazia, ambako binti hakutakiwa hata kukohoa: "Na hao Wahindi walilitoa wapi?"

Baba akalitazama pazia, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Keti, Mzee Semboja. Huyu wako na huyu wangu ugonjwa wao mmoja."

Nikaapa palepale: ukweni nikipewa chai nakunywa, hata wakisema sukari imeshuka na mvua naitikia tu. Ila nyumbani sina pa kukimbilia, maana kamusi ile iliishia kwa Wahindi, na Mwanahamisi hajaacha kuuliza.