Kapteni na Nyonga ya Mama

Mdogo wangu ana ndevu, ana kitambi kinachomtangulia mlangoni, na bado mtaa mzima unamwita Kapteni. Timu aliyoiongoza ilikuwa ya shule ya sekondari, na wenzake wameshasahau hata rangi ya jezi. Yeye hajasahau. Picha yake akiwa na kombe imetundikwa sebuleni, na mama huifuta vumbi kabla ya kufuta meza ya chakula.

Aliumia goti kidato cha tatu. Badala ya kumpumzisha, mwalimu wa michezo, bwana aliyedhani filimbi ni cheo, akawa anampa vidonge vikali vya maumivu kabla ya mechi, vile vya kuandikiwa na daktari. Daktari gani, kamwandikia nani, hakuna aliyeuliza. Kapteni alimeza, akafunga mabao, shule ikashangilia. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa mpaka akaoza.

Goti lenyewe lilipona zamani. Sasa ni fundi wa vigae, anatambaa sakafuni kutwa nzima wala halalamiki. Lakini asikie tu kwamba fulani kang'olewa jino, au shangazi katoka kupasuliwa, goti linaanza. Anakwenda kuwajulia hali anachechemea kuliko mgonjwa.

"Shangazi, huna hata kimoja cha kunituliza?"

Na shangazi anafungua mkoba, kwa kuwa ni Kapteni.

Kisha mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akarudi nyumbani na vidonge vyake, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mimi ni mshonaji, nafika kwa mama jioni tu. Kapteni anaishi naye, hivyo kazi ya kumpa dawa akaichukua yeye. Majirani wakamsifu eti mtoto wa kiume anayemlea mama.

Vidonge vilikuwa vinapungua kama ilivyotakiwa, lakini mama hakupata nafuu. Nikimgeuza kumbadilishia shuka anasaga meno, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Nikasema moyoni, mwizi namjua. Jumapili nikawahi asubuhi, nikajibanza nyuma ya mlango wa chumba nimfume.

Kapteni aliingia na kidonge na glasi ya maji, akampa mama vyote viwili. Mama hakukipeleka kidonge mdomoni. Alimrudishia mwanawe.

"Chukua, baba. Mimi kazi yangu kulala tu. Wewe unapiga magoti kutwa."

"Na wewe je, mama?"

"Leo siumwi sana."

Jitu zima lile halikubisha hata mara ya pili. Lilimeza, tena kwa maji ya mama.

Nilitoka mafichoni nikamtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu. Akaenda sebuleni kujiinamia chini ya picha ya kombe lake. Nikaketi kitandani kando ya mama, nikatoa kidonge kingine kwenye pakiti, nikamshika kidevu kama mtoto mchanga.

"Meza."

Alimeza huku akinitazama kama mwizi ni mimi. "Una roho ngumu wewe. Mwenzio ana goti."

"Goti lake lilipona kabla sijaolewa, mama."

Polepole dawa ikamshika. Mikunjo ya uso ikalegea, na nilipomgeuza hakusaga meno. Hivyo ndivyo angeweza kulala tangu siku ya kwanza aliyotoka hospitali. Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Kapteni akaja akasimama mlangoni. Alimtazama mama kwa muda, nikadhani leo aibu imemfikia.

"Dada," akasema, "vimebaki vingapi?"

Nikaikaza pakiti mkononi. Kabla sijafungua mdomo, mama akamjibu, macho kayafumba, ulimi mzito kwa usingizi.

"Vipo, baba. Cha jioni ni chako."