Kitunguu Saumu cha Mwosha Maiti

Ilinca hakuwahi kumsikia jirani yake, mwosha maiti wa kijiji, akilitamka neno strigoi, jina la wafu wanaorudi kunyonya damu. Padri na mwalimu walibishania asili ya neno hilo katika kila msiba. "Limetoka kwenye jina la bundi hilo!" "Bundi wapi, Baba? Maana yake ni mpiga mayowe!" Mwosha maiti yeye alimenya punje ya kitunguu saumu kwa ukucha wa kidole gumba, akaisukuma kinywani mwa marehemu asije akarudi, akafunga taya kwa kitambaa, akanong'ona, "Lala, mwenzetu." Hakumruka hata mmoja. Juzi marehemu alikuwa mume wake mwenyewe. Akaimenya punje vilevile, kisha akaitumbukiza kwenye sufuria ya supu ya matanga. "Dada wee! Na akirudi?" Ilinca alimaka. "Mlango anaujua," mjane alijibu, akamfunga mumewe taya.